Karatasi Chini ya Tofali

Mama Timazi alikuwa fundi uashi, na asikwambie mtu, alikuwa fundi kwelikweli. Alishika mwiko miaka ishirini na sita iliyopita, siku moja baada ya mumewe kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kuvunjika nyonga. Alikwenda kuimalizia kazi ya mumewe kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anataka ukuta, si maelezo. Jina lile la timazi, kamba yenye uzito ya kupimia ukuta kama umesimama wima, alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu, waliokuja kumcheka wakaishia kumwita awanyooshee kona zao.

Kwa hiyo kanisa lilipopata ugeni wa vijana kumi na wanne kutoka nchi jirani, waliokuja siku kumi na mbili kujitolea kujenga darasa la watoto wa Jumapili, mchungaji hakuhangaika kutafuta msimamizi. Vijana wenyewe walikuwa watu wa vitabu na kompyuta. Siku ya kwanza walishika sepetu kama wameshika nyoka. Lakini bidii walikuwa nayo, na kufika wiki ya pili kozi zao, ile mistari ya matofali, zilikuwa zimenyooka, si haba. Mama Timazi akawaachia ukuta wa nyuma, akaenda zake mbele kushughulika na lenta, boriti ya zege juu ya mlango. Siku mbili hakugeuka kutazama. Hapo alikosea, na mwenyewe hakumsingizia mtu.

Siku ya mwisho, saa moja asubuhi, alipita kukagua. Ibada ya kuagana ilikuwa saa sita, na basi la wageni lilikuwa linaondoka saa tisa. Ukuta ulipendeza machoni. Akagonga tofali la juu kwa mpini wa mwiko kama kawaida yake, likatoa mlio asioupenda. Akalishika kwa mikono miwili, likanyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akanyanyua la pili, karatasi. La tatu, karatasi. Kozi nne za juu, matofali arobaini na nane, kila moja limelalia karatasi yake.

Akamwita msichana mmoja mrefu wa miaka kumi na tisa, katibu wa vijana wale, ambaye kila mtu alimwita Katibu tu. Katibu alieleza bila wasiwasi, tena kwa fahari. Ilikuwa desturi yao, kila wanapokwenda kuhudumu huacha maombi yao mahali pale. Kwingine waliyaacha kwenye sanduku, safari hii wakaona wayaweke ndani ya ukuta wenyewe. Saruji walipaka kidogo tu, ili karatasi zisilowe.

Mama Timazi alishusha pumzi. Mchungaji naye alikuwa ameshafika, ameshasikia. Akamvuta fundi pembeni na kumwomba, kwa sauti ya chini, awaache watoto wa watu waondoke na furaha yao, wapige picha zao, na kesho yeye aubomoe polepole aujenge upya. Nani angejua? Fundi alikaribia kukubali, kwa sababu vijana wale aliwapenda, na Katibu alimpenda kuliko wote. Lakini benchi la watoto wadogo lilipangwa kukaa chini ya ukuta huohuo.

“Unataka niwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, mchungaji,” akamwambia. “Mwakani watajenga kwingine hivihivi, na huko mimi sitakuwepo.”

Mchungaji alikuna kichwa, akasema basi, ibada itasaliwa hapohapo kwenye mchanga.

Fundi akawakusanya, akawaambia kavukavu kwamba ukuta ule hautasimama, wala hakuwatukana. Akaweka kiganja kimoja kwenye tofali la kona na kulisukuma, likadondoka upande wa pili. Walikuwa wameshavaa mashati meupe ya kuagana, wakakunja mikono na kuanza kubomoa. Kila mmoja alichukua karatasi zake, akakwangua saruji ya zamani na kulipanga tofali chini. Kazi ikachangamka, mpaka utani ukaanza kurudi.

Katibu peke yake hakubomoa. Alisimama ameliwekea mkono tofali moja, lililobaki peke yake juu ya ukuta kama limesahauliwa. Fundi alipomsogelea, msichana alimwambia kwamba mama yake yuko hospitali, Jumatatu anapasuliwa, na kwamba mama huyohuyo ndiye aliyemlazimisha asafiri. Akitoa karatasi ile, alisema, atakuwa ameliondoa ombi.

Mama Timazi aliumia. Kanisani yeye alikuwa mtu wa kuitikia amina tu, maneno ya kiroho hakuwa nayo. Akapindua ndoo, akakaa.

“Umeandika nini humo, mwanangu?”

“Kwamba nampenda mama. Na kwamba naogopa atakufa.”

“Yeye umeshamwambia?”

Katibu akatikisa kichwa.

“Basi Mungu ameshasikia tangu ulipokuwa unaandika. Aliyebaki kusikia ni mama yako, na wewe ukaenda kuuambia ukuta.”

Msichana alilia, na fundi alimwacha alie, hakumbembeleza. Kisha Katibu mwenyewe akalitoa tofali, akatia karatasi kwenye mfuko wa shati, akaomba saruji, na safari hii hakuionea uchoyo.

Mpaka ibada inaanza walikuwa wamerudisha kozi mbili, na baada ya ibada hapakuwa na muda wa zaidi. Wakapiga picha mbele ya ukuta uliopungua, mashati yamechafuka, na mchungaji akawashukuru vizuri, kwa moyo mmoja. Mama Timazi aliwashika mikono wote kumi na wanne, akawaambia wamejenga. Hakuwa anawafariji, alikuwa anasema kazi aliyoiona.

Basi lilipopiga honi, Katibu alikuwa bado chini, mgongo ameuegemeza mlangoni mwa darasa, simu sikioni, karatasi imefunguliwa mkononi. Dereva alitaka kumfokea, Mama Timazi akamnyooshea kidole anyamaze.

“Mama,” Katibu alikuwa anasema, “sitaki kungoja mpaka nifike. Naogopa, mama. Naogopa sana.”

Alisikiliza. Kisha akasema, “Na wewe pia?”