Mteja Aliyeitambua Chupa

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki lazima atokee mjuaji mmoja acheke na kusema, "Muuza wiski kaona mzimu, ajabu iko wapi?" Sasa sikiliza. Muuza wiski mlevi hafiki popote. Mimi nilikuwa naonja kiasi cha kulowesha ulimi, natema, nasukutua kwa maji. Na siku ile nilikuwa sijaonja hata tone mpaka yule mtu alipoingia. Kilichotokea kilitokea, na hasira yake ninayo hadi leo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona madukani chupa za Ulaya zenye maandishi ya dhahabu. Nikafungua duka la vinywaji Njombe mjini, karibu na stendi. Wenzangu waliuza bia na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, mimi nikauza pombe za kunywa taratibu: wiski, brandi, ramu. Nilizijua. Nilikuwa mpishi wa meneja mmoja Mskoti kwenye mashamba ya miwati, na mzee yule, jioni akiota moto, alikuwa akinipa glasi na kunifundisha. Usiigugumie kama dawa ya minyoo. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Tia tone la maji, subiri, nusa tena. Nikajifunza kutambua wiski iliyolala kwenye pipa la mvinyo, na ile ambayo shayiri yake ilikaushwa kwa moshi. Wateja wangu hawakuwa na haja ya kusoma chapa. Walisema tu, "Dada, nichagulie." Hebu niambie, kuna kazi tamu kuliko kuaminiwa hivyo?

Mzigo wangu ulitoka Makambako kwa mfanyabiashara wa jumla tuliyemwita Kizibo, mfupi, mnene, mcheshi, mwenye kiti chake cha mbele kanisani. Alasiri ninayoisema, kreti yake moja ilikuwa imefika asubuhi. Jirani yangu Mama Agata alikuwa anaozesha binti Jumamosi, na alitaka wiski kwa meza ya wakwe. Nilifungua chupa nikanusa. Rangi nzuri, kifuniko kimekaza, harufu nyepesi yenye utamu kidogo. Nikasema moyoni, si wiski ya kujivunia, lakini kwa harusi inafaa.

Inafaa! Pua yangu yote ile niliyokuwa naringia.

Watu hudhani wafu huja usiku wa manane. Huyu alikuja alasiri, siku ya ukungu ule wetu wa mwezi wa saba unaoingia hadi ndani ya nyumba. Nilikuwa nimewasha taa ya chemli na jiko la mkaa liko miguuni. Sikusikia mlango. Nilipoinua macho, mwanamume mrefu alikuwa amesimama kaunta, koti zito la kijani limelowa mabegani, na mkononi amefunga kitambaa chekundu kama wafanyavyo madereva.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Karibu, kaka. Sogea motoni, baridi leo haina adabu."

Hakusogea. "Nataka kuonja," akasema. "Nichagulie zile nzuri, moja moja."

Nikafurahi, unajua. Mteja wa kuonja ni mteja wa maana. Nikapanga glasi, nikaanza na ya Kiayalandi, nyepesi. Akaiinua, akanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, vilevile nilivyofundishwa mimi. "Asali," akasema. "Na ganda la chungwa." Nikampa ya pipa la mvinyo. "Hii ina zabibu kavu." Nikampa ile ya moshi, ambayo wengi huitema. Akaishika muda mrefu. "Hii inanuka jiko la mama yangu mvua ikinyesha," akasema.

"Umejifunzia wapi haya, kaka?"

"Zamani nilikuwa nakunywa tu. Tangu macho yalipozimika ndipo nimejua kunusa."

Nikamtazama vizuri. Macho yake yalikuwa wazi kuielekea taa na hayakupepesa. Jambo la pili niliona kwenye glasi. Alikuwa amekunywa, koo lake nililiona likipanda na kushuka, lakini glasi zote tatu zilikuwa zimejaa vilevile nilivyozimimina. Nywele zilinisimama. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilibaki nimeshikilia chupa.

"Kuna nyingine," akasema. "Ya leo asubuhi. Naisikia."

Mkono wangu ulimimina ile ya Kizibo kabla sijaamua. Hakuifikisha hata mdomoni. Ilipokaribia pua uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyepigwa kofi, na akaigonga glasi chini kwa nguvu hadi ikapasuka.

"Ndiyo hii!" Alikuwa anapiga kelele sasa. "Ndiyo hii hii! Niliinywa nikalala, nikaamka nikiwaambia wawashe taa, na kumbe jua lilikuwa limeshatoka! Dada, usimpe mtu. Usimpe mtu!"

Kisha pale kaunta hapakuwa na mtu. Sisemi aligeuka akaondoka. Nasema hapakuwa na mtu.

Nilitoka mbio hadi barazani. Mzee fundi viatu wa upande wa pili alikuwa palepale, sindano mkononi. Nikamuuliza, aliyetoka hapa ameelekea wapi? Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hakuna aliyeingia kwako tangu mchana. Nimekusikia tu ukiongea peke yako, nikasema labda unasali."

Nilirudi ndani nikajilazimisha kuonja zile glasi tatu. Maji. Zote tatu, rangi ipo, lakini maji matupu, kama ya kisima.

Sikulala. Alfajiri nilibeba ile kreti nikapanda lori la viazi la Rajabu, mtu wa Tanga aliyehamia Makambako, Mwislamu asiyegusa pombe ambaye kila mara alinitania kwamba biashara yangu itanipeleka pabaya. Njiani nikamweleza yule mtu, koti, kitambaa, urefu. Utani ukamwisha. Akalisimamisha lori pembeni.

"Dada, nani kakutajia Kassiani?"

"Kassiani gani?"

"Dereva mwenzangu, mtu wa Ludewa. Alikunywa gesti pale Makambako, asubuhi akawa haoni, jioni akafa. Nilimpeleka kwao mimi mwenyewe na lori hili. Kwao wakasema amerogwa na shemeji yake. Shemeji kachomewa nyumba, kahama na watoto."

"Na chupa?"

Rajabu akatazama barabara. "Chupa hakuna aliyeiuliza."

Hapo ndipo hofu iliponitoka na hasira ikaingia, na kusema kweli haijatoka tena. Mtu amekufa, mtu mwingine asiye na hatia amechomewa nyumba, na chupa hakuna aliyeiuliza!

Duka la Kizibo lilikuwa limejaa wanunuzi. "Karibu dada yangu, mzigo umeisha mara hii?" akaniambia kwa kicheko. Nikaweka kreti juu ya kaunta. Nikafungua chupa, nikamimina glasi nikaijaza, nikamsogezea.

"Kunywa."

"Asubuhi yote hii?"

"Kunywa, Kizibo. Ni wiski yako."

Akasema ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia alowanishe ulimi tu. Akasema ameokoka, hanywi. Watu wakacheka, maana walimwona akinywa kila wiki. Nikasema haya, muite yeyote umpendaye, anywe yeye. Hapo kicheko kikakatika. Jasho lilimtoka, nililiona, na kila aliyekuwa mle ndani aliliona, pamoja na baridi ile ya Makambako.

"Kassiani anakusalimu," nikamwambia.

Glasi ilibaki pale kaunta, na hakuna aliyeigusa. Nilibeba chupa nje nikazivunja mtaroni moja moja, yeye akipiga kelele kwamba nimerukwa na akili. Rajabu alisimama kando yangu mpaka nilipomaliza. Kisha tukaenda pamoja kutoa taarifa polisi. Tukakalishwa kwenye benchi. Tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake tukaambiwa aliyekufa ameshazikwa, na mzimu hatoi ushahidi.

Mnataka niwaambie Kizibo alipigwa na radi? Hakupigwa. Alifunga duka, akahamia mji mwingine, akajenga ghorofa. Nasikia anasalimiwa kwa heshima. Kwa yule shemeji tulifika mimi na Rajabu, tukamweleza na wazee wa ukoo. Alirudi kwao, lakini majirani wengine hadi leo hawapokei maji mkononi mwake. Harusi ya Mama Agata ilikunywa ulanzi na soda, na wakwe wakanuna, na wote wakaamka wazima.

Na mimi? Tangu alasiri ile wiski njema kwangu ni maji. Asali siisikii, moshi siusikii, zabibu kavu hakuna. Kitu pekee kinachonifikia ulimini ni sumu: ikiwamo, hata tone, huwaka kama kaa la moto. Kwa hiyo bado wananiita, wenye baa, wenye harusi, nije nionje. Nikikunja uso wanamwaga. Wanasema ni kipaji. Kipaji gani? Nilipenda kitu kimoja kwa moyo wangu wote, nikanyang'anywa, ili niwe mbwa wa kunusa uchafu wa wanaume wenye viti vya mbele kanisani.

Basi nisikilize wewe unayefurahia chupa ya bei poa. Chapa hubandikwa na yeyote. Rangi ni sukari iliyoungua, na ndani yake huenda ni spiriti ya viwandani inayopofusha na kuua. Pua yako haitakuokoa, maana yangu, iliyofundishwa mbele ya moto wa Mskoti, ilisema inafaa. Kama hujui chupa imetoka wapi, iache ilipo. Na siku ukiwa msibani ukasikia wanatafuta mchawi, simama, hata wakikuzomea, uwaulize marehemu alikunywa nini, na nani alimuuzia.