Damu ya Sungura

Mume wangu Nizamettin alipika chai sokoni Ödemiş, mji wa Uturuki, kwa miaka thelathini. Huku kwetu chai iliyoiva vizuri, nyekundu ya kung'aa, huitwa damu ya sungura, na muuza chai hana sifa kubwa kuliko hiyo. Ndiyo iliyomponza.

Moyo wake ulichoka akiwa na miaka hamsini na mbili. Madaktari wa jiji la Izmir wakampandikizia pampu kifuani, na waya wake ukatokea tumboni hadi kwenye betri alizovaa kiunoni. Daktari hakutuficha kitu. Pampu huzungusha damu kwa kasi mno, na chembe nyekundu ni laini, nyingine hupasuka njiani. Chache si neno. Lakini damu ikiganda ndani ya pampu, chembe zitasagwa kwa wingi, wekundu wake utatokea kwenye mkojo na figo zitaharibika. Kwa hiyo siku mkojo ukigeuka rangi ya chai, tukimbie hospitali siku hiyo hiyo.

Miaka miwili mkojo ulikuwa safi. Jumatatu moja asubuhi ukaja mwekundu. Nilimwambia twende, akasema tusubiri kwanza simu ya nesi wa hospitali, aliyempigia kila Jumatatu kumjulia hali. Ukweli ni kwamba aliogopa kupasuliwa kifua tena, na mimi niliogopa kuliko yeye.

Nesi Tülay alipiga simu tukiwa dukani, meza zote zimejaa wanaume. Nizamettin angeanzaje kumtajia binti wa watu habari za mkojo mbele yao?

"Vipi leo, baba?"

"Leo ni damu ya sungura, binti yangu."

Tülay akacheka. "Hapo sawa. Basi niwekee glasi moja."

Nizamettin akakata simu, akaniambia nesi hana wasiwasi. Nilijua kabisa kwamba binti yule amedhani ni chai inayosifiwa. Ningeweza kuichukua simu, nikampigia, nikasema neno moja tu. Nikaenda kuosha glasi. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe kweli kwamba hakuna la kuogopa, na mpaka leo sijajisamehe.

Alhamisi macho ya Nizamettin yalikuwa ya manjano, hata ngazi hawezi kupanda. Hospitali walimtoa damu, wakaiacha itulie ndani ya kichupa. Maji yanayobaki juu, ambayo hutakiwa kuwa na rangi ya majani makavu, yalikuwa mekundu. Daktari alisema pampu lazima ibadilishwe, ila figo zimeshakufa na huenda asiuhimili upasuaji.

Tülay aliingia na faili lake. Nizamettin alinyoosha mkono, akampa kikombe cha mkojo kilichokuwa kando ya kitanda.

"Glasi yako hii, binti. Nisamehe, imechelewa."

Yule binti alikitazama, akaelewa, akakaa sakafuni.

Nizamettin alifariki Ijumaa asubuhi, kabla hawajampasua. Niliweka sikio kifuani pake nikasikia mvumo. Nikamshika daktari koti, nikamwambia bado yuko hai. Akachomoa waya wa pampu, kukawa kimya.

Duka nimelifungua tena. Anayeagiza damu ya sungura nampa chai nyepesi, na akinuna aende kwingine. Tülay bado hunipigia kila Jumatatu.

"Vipi leo, mama?"

Namwambia nimelia, sijala, sijalala. Mimi na yeye hatuzungushi maneno tena.