Makopa ya Mama

Asubuhi hiyo mama alinigombeza kwa sababu ya maganda. Tulikuwa tukimenya muhogo wa makopa, ule wa kukausha kwa chakula cha miezi ya njaa, naye akasema nakata maganda manene kama sina adabu. Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, na bado nilinuna. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Tulianika mikeka miwili uani, kisha nikambeba mwanangu mgongoni nikaenda kisimani.

Tukiwa pale tulisikia mngurumo.

"Mvua hiyo," akasema mwenzangu mmoja.

Wote tuliamini. Makopa yakinyeshewa huoza, kwa hiyo wanawake walitua ndoo wakakimbia nyumbani kuanua. Mimi nilibaki. Mama yupo, nilijiambia, ataanua mwenyewe na ubishi wake.

Mngurumo wa pili ulikuja na moshi.

Kisha risasi.

Nilikimbilia porini na mtoto. Sikurudi.

Tulipovuka mto nilimuuliza kila aliyefika. Jirani yetu alimwona mama ameinama kwenye mkeka, anakusanya. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena, mzima wala maiti.

Sasa naishi Mbagala kwa kaka yangu Saidi, fundi seremala. Mwaka wa sita huu. Saidi alitaka tumsomee mama hitima, kama wanavyosomewa marehemu wote.

"Dada, tumpumzishe mama."

"Umemzika wewe?"

Hapo mazungumzo yalikuwa yakiisha. Niliona hitima ni kumuua kwa mkono wangu. Lakini kumbe na mimi nilikuwa nimekwama. Nilisali kila siku, na nikifika kwenye dua naishiwa maneno. Niombe arudi, au niombe kaburi lake liwe na nuru?

Saidi alimleta ustadhi wa mtaani kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Muombee rehema tu, dada yangu," akasema. "Sema, Mola, mrehemu mama yangu. Akiwa hai inamfikia, akiwa amekufa inamfikia. Mungu anajua alipo. Wewe hukulazimishwa kujua."

Nililia mbele ya mgeni, nikasahau hata chai. Hitima hatukusoma, na Saidi hajaitaja tena. Mama bado hayupo, na hamu yangu ya kumwona haijapungua hata kidogo. Ila sasa nikinyanyua mikono nina la kusema, na usingizi unanijia.

Wiki iliyopita nilianika makopa kwa mara ya kwanza tangu tuvuke. Nilimenya polepole, maganda membamba. Mchana radi ikapiga upande wa Kongowe. Miaka yote radi ikipiga najifungia ndani na mwanangu.

Safari hii nilikimbia uani. Nilianua kipande kimoja kimoja, Mola mrehemu mama yangu, Mola mrehemu mama yangu, mpaka mkeka ukabaki mtupu. Kisha nikakusanya maganda niliyoyaacha pembeni, nikayaangalia moja moja, nikitamani atokee mtu wa kunigombeza.