Picha Iliyokatika Mlangoni

Mtanisamehe makosa ya maandishi. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na naandika polepole. Lakini hili nimeona niliandike.

Hapa kwetu Nachingwea bibi yangu anapenda picha za Kihindi za zamani, zile za familia. Kihindi hajui, na Kiswahili anachanganya na Kimwera, ila wanapolia naye analia. Mimi huziingiza kwenye memori kadi sokoni, tunaziangalia kwenye simu yangu huku anachambua kunde.

Katika moja, ambayo jina lake silijui, kijana aligombana na mama yake akahama. Mwishoni anarudi, mvua inamnyeshea nje, mama yuko ndani, mkono kwenye komeo. Hapo hapo ikakatika.

"Kafungua?" bibi akauliza.

"Sijui, bibi. Imeishia hapo."

"Haiwezi kuishia hapo. Karudishe!"

Nilijua kwa nini. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, aligombana naye msimu wa kupulizia mikorosho dawa, akaenda kuchimba dhahabu Namungo. Alikuwa hajarudi, na bibi alikuwa hamtaji.

Kijana wa sokoni alinicheka. "Sista, zote ndivyo zilivyo. Jamaa mmoja aliishusha mtandaoni, bando likamwishia. Wote tumekopi kwake."

Nilipopata safari ya Ruangwa nikauliza na huko, ingawa kuuliza watu naona aibu. Ilikuwa ileile, mkono kwenye komeo.

Nilipomweleza bibi aliweka kunde zake kando. Kisha akasema, "Mpigie baba yako mdogo. Pengine wachimbaji wameuona mwisho."

Nikapiga, nikaweka spika. Baba mdogo akasema hata yao imekatika hapo, wamebishana mpaka wamechoka.

"Na wewe unasemaje?" bibi akadakia.

"Mimi nasema kafungua, mama. Ila kamsema kwanza."

"Kumsema lazima. Njoo basi, umenyeshewa vya kutosha."

Alikuja Jumamosi kwa bodaboda. Mlango bibi alikuwa ameuacha wazi tangu asubuhi. Alimsema mpaka chai ikapoa, halafu akamwekea nyingine.

Sasa wanabishana wao. Bibi anasema yule mama alifungua mwenyewe, baba mdogo anasema kijana alisukuma. Kama kuna msomaji aliyeiona nzima, tafadhali aniandikie. Hata kama mama hakufungua, andika tu. Nitamsomea bibi kwa Kimwera, na siku hizi anaweza kulisikia hata jibu hilo.