Mama alikuwa shahidi wangu wa mazoezi jikoni Tuwan, mpaka siku alipoitwa kortini Bungoma kweli

Wakuu, habari za leo. Mvua imetufungia ndani hapa Kitale, stima imepotea, na nimekumbuka kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Ni kisa cha kweli, nimebadilisha majina tu. Wenye haraka wapite, wenye chai waketi.

Mimi ni wakili wa upande ule watu hawapendi.

Ukigongwa na gari, ukienda kortini, mimi ndiye natumwa na kampuni ya bima kuja kukuuliza kama kweli uligongwa. Kazi yangu ni kutetea gari. Nimefanya hiyo kazi kati ya Kitale na Bungoma tangu nikiwa na nywele, na naipenda, kwa hivyo msinitupie mawe bado.

Siku za kwanza nilikuwa muoga vibaya sana. Kwa kazi yetu kila kitu kiko kwenye cross, yaani yale maswali ya kumbana shahidi wa upande mwingine. Mimi nikisimama mbele ya hakimu, sauti inapotea. Nilikuwa naishi Tuwan, mtaa wa hapa Kitale, na Mama, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Yeye aliuza vitunguu na nyanya sokoni, mimi nikivaa suti moja wiki nzima.

Jioni moja akanisikia naongea na ukuta. Akauliza naongea na nani. Nikamwambia kuna mama anasema alivunjika mkono kwa ajali, kesho namuuliza maswali. Akatoa sufuria kwa moto, akakaa kwenye kigoda, akaushika mkono wake kama umeteguka, akaniambia nimuulize.

Hivyo ndivyo ilianza.

Kila nikiwa na kesi, ananingoja jikoni na swali moja: "Leo mimi ni nani?" Namuelezea kisa bila majina, maana siri za ofisi ni siri, halafu anageuka kuwa huyo mtu. Amekuwa dereva wa lori. Amekuwa makanga aliyeanguka mlangoni mwa matatu. Amekuwa mzee wa Mabanga aliyegongwa akiswaga ng'ombe, na huyo mzee alikuwa na kikohozi ambacho mimi sikukitaja kabisa.

Wakuu, Mama alidanganya vizuri. Anachechemea kutoka jikoni mpaka mlangoni, akirudi amesahau ni mguu gani, anachechemea na ule mwingine. Nacheka mpaka ugali unaungua.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kushindwa. Kesi ya mtu aliyegongwa akivuka barabara, lazima umuulize: kabla ya kuingia barabarani, uliangalia upande gani? Akikubali hakuangalia, hakimu anamgawia sehemu ya lawama na fidia yake inakatwa. Wengi huangukia hapo. Mama hakuanguka hata siku moja.

"Kulia, kushoto, tena kulia," anajibu bila kupepesa macho, kama mtoto wa nursery.

Nilijaribu kumtega kwa kila njia. Wapi.

Niseme tu ukweli, hakuna wakati nimewahi kuwa na furaha kama ule. Siku hizi niko na ofisi, kiti kinazunguka, kesi zingine tunafanyia kwa simu ukiwa umevaa suti juu na slippers chini. Lakini harufu ya moshi wa lile jiko na sukuma wiki ikikaangwa, huku mtu mzima anakudanganya kwa bidii ili kesho usiaibike, hiyo sijapata tena popote. Nayamiss hayo maisha sana.

Haya, nisiwapoteze.

Nilioa, nikahamia upande mwingine wa mji. Mama akarudi Misikhu, kwao. Akawa anapanga kujenga duka pale sokoni, duka la kweli, la mawe, lenye mlango wa chuma.

Siku moja ya soko pickup ikamgonga akivuka barabara.

Mguu ulivunjika mahali pabaya. Hospitali nililipa mimi, hapo hakubisha. Mfupa uliunga lakini ule mguu ukabaki mfupi kidogo. Ilipofika mambo ya duka, nikamwambia nitamjengea. Akakataa katakata. Alisema hakunizaa nije kumlisha, ile pickup ndiyo itamjengea.

Najua mtaniuliza kwa nini sikusimamia kesi yake. Kampuni iliyokatia ile pickup bima ilikuwa mteja wetu, kwa hivyo nikajitoa pande zote mbili. Mama nikampeleka kwa Simiyu, wakili mzee ambaye tumepigana kortini miaka yote na bado tunakunywa chai pamoja. Kampuni nayo ikampa kesi Chebet, msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe kabla afungue ofisi yake Bungoma.

Mnaona vile mambo yalikuwa yamekaa. Maswali ya Chebet yalikuwa maswali yangu. Na maswali yangu yalikuwa yamezaliwa jikoni kwa Mama.

Simiyu alinikataza kabisa kumuandaa. Asubuhi ya kesi, kwenye gari, nilifungua mdomo na Mama akanizima. "Nyamaza, bana. Si hayo maswali yote nayajua?"

Nikatulia. Nikajua duka limejengwa.

Nilikaa benchi ya nyuma kabisa. Dereva alikuwa ameandika kwamba Mama alijitupa barabarani. Mama akashika Biblia, karani akasoma jina lake lote, lile la ubatizo na la baba yake, akaapa. Akaeleza vile pickup ilikuja kwa kasi, akaeleza vizuri. Halafu Chebet akasimama. Alikuwa na heshima, alimuita Mama, hakupandisha sauti. Nilimfundisha hivyo.

Akafika pale. "Mama, kabla ya kuingia barabarani, uliangalia upande gani?"

Mimi nikajibu kimoyomoyo. Kulia, kushoto, tena kulia.

Mama akaniangalia kule nyuma, kidogo tu. Halafu akamgeukia hakimu.

"Sikuangalia. Nilikuwa nimemuona Nekesa ng'ambo ile. Tulisoma na yeye, na nilikuwa nimeambiwa alishakufa. Nikafurahi, nikaenda."

Hakimu aliacha kuandika. Chebet alikuwa bado na maswali kwenye karatasi, lakini akasema ametosheka, akakaa.

Hukumu ilipokuja, lawama kubwa ilibaki kwa pickup, nyingine ikawa ya Mama. Fidia ikakatwa. Duka la mawe likageuka kibanda cha mabati. Mpaka leo anauzia hapo, na hajawahi kulalamika mbele yangu.

Lakini mimi nililalamika. Siku ile ile, nje ya korti, nilimuuliza kwa hasira kwa nini, ilhali lile jibu la jikoni alikuwa nalo miaka yote.

Akaniambia, "Kule Tuwan kila siku nilikuwa mtu mwingine. Hapa wameniita kwa jina langu."

Nikamfungulia mlango wa gari.

Tangu siku hiyo tukaacha mazoezi. Hatukupatana kuacha, yaliisha tu. Nikajua tumemaliza hiyo maneno.

Sasa mwezi uliopita nikapita Misikhu nikienda Bungoma kwa kesi. Nikamkuta amekaa kibandani anachambua maharagwe. Akaona faili kwapani. Akasukuma ungo kando.

"Leo mimi ni nani?"

Nikamwambia leo yeye ni Mama tu, nimekuja kumsalimia. Akakasirika. Kumbe alikuwa anataka kesi.

Basi nikampa. Mama fulani aligongwa akivuka, anadai fidia ya mguu. Akainuka, akachechemea mpaka mlangoni na kurudi. Safari hii hakusahau ni mguu gani.

Nikamuuliza aliangalia upande gani.

"Kulia, kushoto, tena kulia," akasema bila kupepesa macho, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nimehoji watu wengi sana kwa hii kazi, na yule pekee ambaye ningemwamini kwa kila neno ni yule aliyenidanganya kila jioni.

Na wewe, ni nani alifanya mazoezi na wewe kabla kazi ikukubali? Andika hapa chini. Wale mliogongwa na mkakutana na mimi kortini pia mnakaribishwa, lakini tusirushiane viatu.