Tulivyokwenda kwa Baiskeli Kutafuta Tusi

Mchumba wa mjukuu wangu ana baiskeli ya thamani na haimpeleki popote. Hilo ndilo la kwanza lililonichanganya. Kila Jumamosi anavaa kaptura ya kubana inayoonyesha kila alichojaaliwa, anavaa kofia ngumu kama gamba la kobe, anatoka kwake Kinondoni anakanyaga mpaka Bunju, anageuza anarudi.

Nikamuuliza mjukuu, "Bunju ana nani?"

"Hana mtu, bibi. Anafanya mazoezi."

"Anabeba nini?"

"Habebi kitu."

Mie nimezaliwa Kusini, nikaolewa Temeke. Nimeona baiskeli ikibeba mkaa, mikate, samaki, na mjamzito mwenye uchungu. Baiskeli iliyobeba makalio ya mwenyewe tu, ndiyo kwanza.

Lakini mjukuu kampenda. Na mjukuu wangu si wa kuokota: mwalimu wa hesabu, sekondari. Mama yake alikufa akiwa mdogo, nikamlea mie niliyeishia darasa la tatu. Basi mwanamume akimtaka, lazima apelekwe kwa kaka yangu. Kwetu binti haolewi kwa neno la bibi. Neno ni la mjomba, na mjomba wa marehemu mwanangu ni kaka, mwenye mikorosho yake huko ng'ambo ya Vikindu.

Sasa mumjue kaka. Yeye hasemi ndiyo. Kwetu babu na mume wa mjukuu ni watani, wanatukanana mpaka mmoja azikwe. Kwa hiyo kaka akimkubali mtu, anamtukana. Akimkataa, anamheshimu. Kuna mmoja alikuja kumposa mjukuu wetu mwingine, akawekewa kiti, akaletewa soda, akaitwa mheshimiwa kutwa nzima. Akaondoka anachekelea. Posa ikafia hapohapo.

Mjukuu alilijua hilo. Mchumba hakuambiwa. Mtu akijua anasubiri tusi ataliomba, na la kuomba halina maana.

Kijana mwenyewe ndiye aliyetaka twende kwa baiskeli. "Bibi, kule mashambani kuzuri, tutaona nchi." Nchi nimeiona, nikamwambia. Lakini tayari alikuwa ameazima baiskeli ya chuma ya jirani yetu muuza mikate, akaondoa sanduku, akafunga mto kwenye keria. Nikapanda upandeupande, kanga nimeikaza. Kijana, na kaptura yake ileile, akashika usukani; mjukuu akapanda ile ya thamani.

Barabara ya Kilwa ilitutia vumbi mpaka kooni. Tulipopita Kongowe tukaingia njia za mchanga, na mchanga hauna heshima: magurudumu yalizama, kijana akashuka akawa anasukuma. Mie sikushuka. Anataka mke, asukume.

Wauza mkaa walikuwa wanakuja mjini, magunia yamewazidi urefu. Mmoja akapaza sauti, "Braza, gunia hilo la wapi?"

"La Temeke!" nikamjibu mwenyewe. "Na haliuzwi!"

"Shikamoo, gunia!"

"Marahaba, masizi!"

Kijana akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Nikaanza kumpenda, nami sikupanga.

Ulikuwa msimu wa mabibo. Harufu inakupokea kabla hujaona mti, tamu inayoelekea kuchacha, na nzi kila mahali. Kila nyumba wanawake wanatwanga mabibo kwenye vinu, wanakamua, maji yake yanawekwa kwenye ndoo yawe uraka. Kijana akasimama kwenye ua mmoja kumuuliza mwenye kinu.

"Bibi, hii ni juisi?"

"Asubuhi juisi. Jioni inakuimbisha."

"Mie nimeokoka, situmii kilevi." Nikasema moyoni, tumekwisha.

Kaka alitoka nje amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Nikajua. Akaleta kiti chenye mgongo. "Karibu sana, bwana. Pole na safari, bwana." Akamimina uraka kwenye glasi, si kwenye kata kama anywavyo na wenzake.

"Samahani babu, situmii."

"Hakuna neno, bwana. Mleteeni maji."

Kijana akaninong'oneza, "Bibi, babu mpole sana! Amenipenda." Mjukuu akageukia ukutani, machozi yanamlenga.

Nikajaribu kumchokoza kaka. "Huyu baiskeli yake haibebi kitu, anazunguka nayo tu kama kuku mwenye kideri."

"Kila mtu na mazoezi yake," akasema kaka, mtaratibu kama daktari. Jamani! Kaka yangu huyu, aliyewahi kumfananisha mume wangu na nazi iliyooza siku ya harusi yangu! Nilikaa pale sielewi amechukia nini. Kaptura? Maji? Au kwa kuwa kijana kwao ni Kaskazini?

Kijana akachoka kukaa, akaomba kazi. Kaka akamwambia asijichoshe, bwana. Kijana akachukua kikapu hivyohivyo, akaingia chini ya mikorosho.

Alirudi kikapu kimefurika mabibo, ameyaosha, yanang'aa mekundu na ya njano. Hata moja halina korosho.

"Korosho ziko wapi?" akauliza kaka.

"Zile mbegu za chini? Nimezinyofoa, babu, nikazitupa kule bondeni kwenye majani. Nilisikia utomvu wake unaunguza."

Yeye korosho anazijua za pakiti, zimekaangwa, kama zimezaliwa dukani. Bibo ni la kujifurahisha tu. Korosho ndiyo bati la nyumba ya kaka, ndiyo ada, ndiyo sanda.

Kaka akasimama. 

"Kichwa maji wewe! Bwege mkubwa! Umekuja na nepi yako hiyo kuniibia mke wangu, na korosho zangu unalisha nyasi!"

Kijana akapiga magoti. Mjukuu akanishika mkono. "Bibi, ni lenyewe?"

Sikujua. Nilimtazama kaka mdomoni, hacheki. Nikamtazama shingoni, mishipa imesimama. Mke wangu humwita mjukuu siku zote, akiwa na furaha, akiwa na hasira. Sikujua, wallahi.

Nikapiga kigelegele.

Kirefu, mpaka pumzi ikakata. Wanawake wa ua wa jirani wakaitikia, wakaja mbio na michi mikononi. "Amekubali! Amekubali!" Wakamkumbatia kaka, naye mdomo wazi.

"Nani amekubali?"

"Wewe," nikamwambia. "Umemtukana. Hawa wote wamesikia."

Akawahesabu kwa macho wale wanawake na michi yao. Kisha akatazama bondeni. Kijana alikwishashuka, anatambaa kwenye majani anatafuta korosho, fulana nyeupe imejaa madoa ya bibo yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Mjukuu naye yuko kando yake, magoti chini.

"Hata kutafuta hajui," kaka akasema. "Anapapasa kama kipofu aliyedondosha jino. Mke wangu! Huyu ndiye mume mwenzangu uliyeniletea, na macho unayo?"

Lile la pili lilikuwa utani, nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. La kwanza mpaka leo sijalielewa. Wazee wa kijana wameshaambiwa waje baada ya mavuno, mahari imeshatajwa, na kila nikimuuliza kaka kama siku ile alikasirika au alimkubali, ananiambia nimuulize aliyepiga kigelegele.