Nilimpa daktari wa roboti pointi moja, halafu Papa Saidi akaomba kuona video

Wakuu, salaam kutoka Kindu. Anayetafuta shujaa apite uzi mwingine, humu iko aibu tu. Na ni kweli tupu, kovu ninalo.

Miye ni mtu wa nyumbani. Dunia yangu ni mtaa wetu wa Mikelenge, na ndani ya Mikelenge ni mkeka wangu. Nilipopata kazi ya kufanya nimelala, niliona Mungu amenikumbuka.

Kazi yenyewe: kuna madaktari huko mbali wanajifunza kupasua kwa roboti. Daktari anakaa pembeni, anaongoza mikono ya chuma ndani ya tumbo la mgonjwa. Video zinatumwa kwa watu wa kawaida, tunatoa pointi, moja mpaka tano. Mikono yake inasaidiana? Anashika nyama kwa upole? Anapoteza muda? Pointi zetu zinasaidia kuamua nani yuko tayari, nani arudi kujifunza.

Ndiyo, wakuu. Miye, mwenye diplome ya secondaire ya kusukumwa, nahukumu madaktari.

Nilikuwa naziangalia mbiombio, kama mpira. Wa haraka, tano. Mmoja alikuwa anasimamasimama. Nikampa moja, nikaandika: "Huyu apewe jembe." Nikatuma.

Nikamsomea jirani yangu Papa Saidi, infirmier wa zamani, muuguzi wa hospitali, ili acheke.

Mumjue kwanza. Wakati wa vita, nikiwa bado secondaire, apendisi ilinishika. Daktari alikuwa amekimbia. Papa Saidi njo alinipasua, juu ya meza, kando ya dirisha. Kovu likatoka limepinda kama mshono wa gunia. Tangu hapo namwita Fundi Magunia. Mgeni akija, nafunua tumbo, watu wanacheka, naye anacheka.

Siku hiyo hakucheka. Akaomba kuona video, nikamwekea.

"Rudisha nyuma, mwanangu. Ona ule mushipa. Huyu amesimama, ameufunga kwanza. Sasa lete yule uliyempa tano."

Nikaleta. Yule wa pointi tano aliuvuta mushipa bila kuufunga, damu ikajaa.

"Na miye, ile siku yako, nilisimama mara ngapi? Nilikuwa sijapasua mtu peke yangu hata mara moja. Kila nikisimama, mama yako anauliza mlangoni: Saidi, amekufa?"

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Nikatafuta pa kusahihisha zile pointi, hakuna. Nikawaandikia wenye kazi. Wakajibu: asante, pointi zimeshaingia.

Kwa hiyo mahali fulani mtu mwangalifu amesoma habari ya jembe. Na mgonjwa fulani anamngoja yule wa mbio.

Nikamwomba Papa Saidi msamaha, wa video na wa miaka yote ile. Akasema, "Fungua tumbo." Akapitisha kidole juu ya kovu. Halafu:

"Lakini kweli, weye. Hii njo gunia."

Akacheka. Safari hii miye njo nilishindwa kucheka.

Nilichojifunza: kabla ya kumpa mtu pointi, jiulize uko hai kwa polepole ya nani.

Haya, zamu yenu. Mwenye moja yake ya kunipa aiweke hapo chini. Ila angalieni uzi mpaka mwisho kwanza, msifanye kama miye.